Barabara ya Mingoyo hadi Masasi inahitaji vibao vya historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuhusu sisi wakazi wa Lindi na Mtwara. Barabara inayoanzia Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, na kupita Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi ina vibao vya kona, vya mwendo wa magari na vya umbali wa miji, lakini katika safari zangu zote sijaona hata kimoja kinachomweleza msafiri mambo yaliyotokea katika nchi anayoipita.

Nianze na Mahiwa, jirani na Nyangao. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilipigana hapo na jeshi la Waingereza, katika mapigano yanayohesabiwa miongoni mwa makali kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Tukisema Wajerumani na Waingereza tunawataja wenye amri tu, kwani walioanguka kwa wingi walikuwa Waafrika: askari wa Mjerumani waliotoka katika makabila ya nchi hii, askari wa Keya, yaani kikosi cha Waafrika cha Mwingereza (King's African Rifles), na Wanigeria waliovushwa bahari kuja kufa mbali na kwao. Nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi, ambao katika vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mkulima mmoja wa upande huo aliwahi kunionyesha ganda la risasi alilolifukua kwa jembe, limeshika kutu ya kijani, akaniuliza lilikuwa la vita gani. Mtu aliyezaliwa na kukulia pale hakustahili kusubiri mpita njia ndipo apate jibu.

Nyangao hiyo hiyo iliguswa na Majimaji. Mwaka 1905 Wamatumbi wa Kilwa waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na haikuchukua wiki nyingi vita vikafika huku, misheni ya Nyangao ikachomwa moto mwezi Agosti. Kijiji kimoja kimepitiwa na vita viwili ndani ya miaka 12, na abiria wa basi la Masasi anashuka, ananunua korosho zake na kuondoka bila kujua lolote.

Sisemi kwamba Kusini hakuna alama kabisa. Mikindani ipo nyumba yenye bamba la kumkumbuka David Livingstone, aliyeanzia huko safari yake ya mwisho mwaka 1866, nami nataka bamba lile libaki. Ninachodai ni kwamba watu wetu nao waandikwe. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, huku huku Lindi, na kubebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi mmoja mwenye kimo cha zaidi ya meta 13 amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, anajulikana kwa wataalamu wa mifupa hiyo, na wanafunzi wa Lindi wanastahili kulisoma jina lake kando ya barabara yao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na mabaki ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo husubiri tangazo la waziri. Kwa hiyo uwanja wa Mahiwa, na hata tuta la reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, vinaweza kulimwa na kusawazishwa bila mtu kushtuka.

Naziomba halmashauri zetu, zikishirikiana na wenye dhamana ya barabara na Mambo ya Kale, zianze na vibao vichache tu. Viandikwe kwa Kiswahili, vikiwa na tarehe na majina, baada ya wazee na walimu wa historia kuyapitia maneno. Viwekwe kwenye vituo ambako watu hushuka, si mahali ambapo basi hupita kwa kasi. Na vijengwe kwa zege, kwa sababu vibao vya chuma hung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Mwalimu mstaafu,
Mtama, Lindi