Shukrani kwa uliyetuachia fulana za pamba, Unguja

Bibi uliyeacha zile fulana bila kutaja jina, ahsante sana. Pengine hujui umetoa nini.

Mtoto mwenye skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda upande na kujizungusha, akipewa bresi (gamba gumu la plastiki la kushika kiwiliwili), mara nyingi huivaa saa 18 au zaidi kwa siku, mpaka amalize kurefuka. Kwa joto letu la kaskazi jasho hukusanyika, mshono wa nguo huchimba ubavuni, na msichana wa miaka 12 huvua bresi kwa siri chooni skuli. Wazazi huona ukaidi. Mara nyingi ni aibu na maumivu. Fulana zako, za kuvaliwa ndani ya bresi, hazina mshono ubavuni, zinashika mwili bila mikunjo na zinapita ukingo wa chini wa bresi. Ndivyo hasa inavyotakiwa. Wekundu wa ngozi ukidumu zaidi ya nusu saa baada ya kuvua, bresi irudishwe irekebishwe, mtoto asilaumiwe.

Umeweka na rangi tofauti, achague mwenyewe. Hilo limetugusa zaidi, maana katika matibabu haya mtoto huamuliwa karibu kila kitu. Na wanaomwita kibiongo, au kumkemea "kaa wima", wajue kukaa vibaya siko kulikompinda.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri.