Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watazama Ndege, Tanga

Ndugu wanachama, wazee wetu na mama zetu, asalaam aleikum na poleni na jua.

Shughuli za kawaida mnazijua: tumehesabu ndege Sahare mara tatu, Tongoni mara moja, na tumepanda mikoko. Mingine imeshika, mingine imeliwa na mbuzi. Tuendelee.

Nije kwenye lile linalosemwa barazani, kwamba mwenyekiti kala pesa ya boti ya kwenda Maziwe, kisiwa chetu kidogo karibu na Pangani, kwa kuonyesha picha za barafu badala ya safari. Pesa haikuliwa. Shilingi 480,000 zimelipia projekta, jenereta, viti na kuchapa picha. Risiti anazo mhazini. Safari ilipangwa Julai, na nani hapa haijui kusi ya Julai? Nahodha mwenyewe alikataa. Ningewapeleka mkazame ndipo mridhike?

Kisiwa nilichowaonyesha, Bouvet, ni cha Norwei, huko kusini ya mbali ya Atlantiki. Kilomita za mraba 49, karibu chote barafu, wala hakikaliwi na mtu. Kati ya 1955 na 1958 mlima uliporomoka pwani ukaacha uwanja mpya, Nyrøysa, na pengwini na sili wakahamia. Mwaka 1971 kikafanywa hifadhi. Sasa tazameni Maziwe yetu: ilikuwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Bahari ikala miti yote. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji makubwa, membe wanatua na kuondoka. Kule ndege wamepata ardhi, huku wamenyang'anywa. Hilo ndilo nililotaka mlione, na niliandaa peke yangu, bila posho.

Kwenye onyesho hilo la picha mlikuja 14, kati ya wanachama 63. Watano walifuata halua, niliwaona. Wanaopaza sauti kuhusu boti hawakuwepo, na wengi wao daftari la mhazini halijaona ada yao tangu mwaka juzi. Majina siyasomi leo.

Waliolipa ni 21, kwa 12,000 kila mmoja, yaani 252,000; wahisani, ambao niliwafuata mimi, 600,000; ukitoa zile 480,000 na matumizi mengine 190,000, tumebaki na 182,000.

Mwakani, panapo majaliwa, kaskazi ikilegea tutakwenda Maziwe, ada zikiruhusu. Darubini ya pili nayo tunaitarajia. Iliyopo iko kwangu; anayeihitaji aje kabla ya magharibi.

Wasalaam.