Andrea wa Italia ni mvulana

Mhariri,

Orodha yenu ya majina ya watoto imemweka Andrea upande wa wasichana. Kwa Waingereza, Wajerumani na Wahispania, sawa. Kwa Waitaliano Andrea ni mwanamume, kama alivyo Mtume Andrea, nduguye Simoni Petro, katika Biblia zetu. Hiyo "a" ya mwisho isiwapoteze: Luca, Nicola, Mattia na Elia nao ni wanaume.

Asili ya jina ni Kigiriki, na maana yake ni uanaume wenyewe. Linapendwa kwa kuwa ni fupi na la kanisani (sikukuu yake ni 30 Novemba, na masalia ya mtume huyo yamehifadhiwa Amalfi), tena limebebwa na watu wazito: Palladio msanifu majengo, Bocelli mwimbaji, Pirlo wa soka. Sisi kulitamka hakutupi tabu hata kidogo, maana Waitaliano mkazo wanauweka kwenye "dre", palepale tunapouweka sisi.

Kazi iko kwenye makaratasi, hasa kwa wazazi ambao mmoja wao ni Mwitaliano. Sheria ya Italia ya mwaka 2000 inaruhusu majina yasiyozidi matatu, na inakataza mtoto kupewa jina la baba aliye hai. Baba Andrea hawezi kumwita mwanawe Andrea. Angalieni pia mkato. Ukiandikisha "Andrea Juma", yote mawili yatatokea kwenye vyeti. Ukiandika "Andrea, Juma", vyeti vitaonyesha Andrea peke yake, na hapo ndipo nyaraka za huku na za kule zinapoanza kugongana.

Kosa baya zaidi huingia kwenye namba ya kodi, ile codice fiscale. Namba hiyo ina herufi za jina pia, na Andrea, awe wa kike au wa kiume, hutoa herufi NDR. Jinsia hujulikana kwa siku ya kuzaliwa tu: mvulana wa tarehe 12 huandikiwa 12, msichana huongezewa 40, ikawa 52. Anayejaza fomu kwa mazoea ya Kiingereza akaweka alama kwenye "kike", namba nzima imeharibika, maana hata herufi ya mwisho ya uhakiki hubadilika. Kagueni tarakimu hizo mbili kabla hamjaondoka dirishani.

Ni kweli, mwaka 2012 Corte di Cassazione, mahakama ya juu ya huko, iliruhusu msichana aitwe Andrea. Basi liacheni jina pande zote mbili za orodha, ila kwa wavulana mtaje Italia.

Mfasiri wa nyaraka,
Malindi