Mabegi katikati ya dawati

Mhariri, gazeti lenu nalisoma hapa Moshi miaka kumi na kitu na sijawahi kuandika, ila ile habari ya Jumanne ya mwalimu mkuu aliyesema kazi za vikundi zinakula muda wa watoto kujiandaa na upimaji wa darasa la nne, hiyo imenikaa kooni.

Nina binti darasa la tatu, shule siitaji, iko huku Pasua. Julai na kile kibaridi nilimpelekea sweta nikachungulia dirishani. Dawati moja watoto watatu, katikati wamesimamisha mabegi kama ukuta, kila mtu kainamia daftari lake. Nikadhani mtihani, kumbe hesabu za kugawanya za kawaida tu. Mwenzake wa pembeni alikuwa anafuta mpaka karatasi ikatoboka, binti yangu akanyoosha kidole kumwonyesha, akachapwa mbili za kiganja, kosa kuangaliziana. Sasa sikia ya nyumbani. Jioni mdogo wake wa miaka minne kaja na visoda vyake wahesabu wote, dada mtu akafunika daftari kwa mkono, "usiniangalizie!" Mhariri, mtoto wa miaka minne anaangalizia nini? Moyo uliniuma maana sare nimeshona mimi aende akajifunze hayo, na sisi tulisoma mkoa huu huu, shamba la shule tunapima mistari ya mahindi, mmoja kashika kamba, mwingine anahesabu hatua, mwingine anaandika, asiyejua anaelekezwa hapo hapo, na mita niliielewa pale mpaka leo nikikata kitambaa. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea 1967 alitaka mitihani ipunguziwe ukubwa na watoto wafundishwe kushirikiana, Baraza la Mitihani nalo tangu 2023 limeacha kutangaza shule kumi bora, halafu huku kwetu bado wanabandika ukutani wa kwanza mpaka wa 94!

Na hii twisheni ya Jumamosi. Sh 500 kila mtoto, asiye nayo abaki nyumbani. Walimu nawaheshimu, darasa la watoto 94 si mchezo, lakini mtoto akielekezwa na mwenzake bure anachapwa, wa hela anaelekezwa vizuri, na wanaoachwa ndo wale wale ambao rafiki wa dawati angewavusha.

Naomba hivi. Kila Ijumaa toka saa mbili asubuhi mpaka mapumziko, mabegi yote nyuma ya darasa. Dawati moja penseli moja hesabu tano, wapokezane kuandika, halafu kila mmoja asimame aeleze ile ambayo hakuiandika yeye, maksi wapate sawa wote. Mwalimu akae karibu na aliye kimya. Madawati nimeyahesabu siku ile, yapo 32, penseli 32 nanunua mimi, hata Ijumaa hii.

Mama mzazi, fundi cherehani
Mbuyuni, Moshi