Presha ya mapafu: tuulize kilichoileta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi hakiuoni. Dada yangu alitibiwa pumu kwa miaka miwili, huku akishindwa kupanda kilima cha nyumbani bila kuketi njiani mara mbili, na jioni mikanda ya kandambili ikiacha mifereji juu ya miguu yake iliyovimba. Presha ya mkononi ilikuwa nzuri siku zote.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kilichoonyesha kwamba upande wa kulia wa moyo wake umetanuka kwa kusukuma damu kwenda kwenye mapafu yenye presha kubwa. Tulidhani tumefika, kumbe tulikuwa tumepata jina la ugonjwa bila chanzo chake. Wataalamu huugawa katika makundi matano, na kwa wagonjwa wengi hutokana na kasoro za upande wa kushoto wa moyo. Wengine huupata kwa makovu ya kifua kikuu, mabonge ya damu yaliyokwama mapafuni, selimundu, virusi vya Ukimwi au tundu la moyo la kuzaliwa nalo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunacho pia kichocho cha tumbo, kinachoambukizwa majini, ambacho kikishaliharibu ini, mayai ya minyoo wake huweza kupenya hadi mapafuni na kuumiza mishipa. Daktari asipouliza mgonjwa alioga na kuvua wapi utotoni, atajuaje?

Chanzo ndicho kinachoamua tiba. Dawa za kutanua mishipa ya mapafu huwafaa baadhi, lakini kwa mwenye kasoro ya upande wa kushoto zinaweza kumjaza maji mapafuni. Mwenye mabonge ya muda mrefu huenda akapona kwa upasuaji. Kwa dada yangu ilikuwa valvu (mlango wa damu) ya upande wa kushoto wa moyo iliyosinyaa kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, nayo ikatanuliwa kwa puto lililopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Cheti chake cha kwanza cha rufaa kilikuwa na maneno matatu tu: presha ya mapafu. Nawaomba sana madaktari wetu waongeze mstari mmoja chini yake, unaotaja chanzo wanachokishuku na kipimo ambacho bado hakijafanyika.

Msomaji wako,
Mwanza