Kwanza wale wadogo, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mtakuja kukaa wiki nzima, na kwamba mwanao, kwa kuwa ametimiza miaka saba, anataka bibi yake ampeleke akavue karpu, yule samaki mkubwa wa kwenye picha. Nimefurahi hata nikashindwa kukujibu palepale. Nitampeleka. Lakini siku ya kwanza hatutavua karpu, tutavua visamaki vya kando ya matete. Nisikilize kwa nini, maana sababu ni wewe.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuamsha gizani, tukafika bwawani jua halijachomoza. Nikatupa mishipi miwili yenye chubwi nzito na chambo cha punje za mahindi, nikakuketisha kando yangu, nikakuambia tungoje. Tukangoja. Jua likapanda. Ukaanza kuokota kokoto na kuzirusha majini uone mawimbi ya duara yanavyotanuka, nami nikakukemea: “Unawafukuza!” Ukanyamaza, ukajikunyata juu ya mfuko wa vifaa, ukalala. Saa sita mchana tukarudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata nilipokualika ulisema una kazi ya shule. Wiki ya pili hivyohivyo, na ya tatu, mpaka nikaacha kukualika.

Kuhusu zile kokoto nilisema kweli, na ndiyo maana sikuliona kosa langu kwa miaka mingi. Karpu husikia kuliko samaki wengi. Ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, hivyo kibofu kikitikisika kwa sauti, sikio linapata habari. Kishindo cha kiatu ukingoni kinamtosha. Ila mtoto wa miaka minane hakuja bwawani kujifunza sikio la karpu. Alikuja kuona kitu kinasogea. Na kilichokuwa kikisogea, hatua mbili tu kutoka miguuni petu, ni kundi la visamaki ambavyo mimi sikuvitupia jicho hata mara moja, kwa sababu havikuwa karpu.

Nilikuja kuvitazama wewe ulipokwisha kuondoka nyumbani. Maji yalikuwa yamepoa usiku, na karpu maji yakipoa hula kwa kusuasua, siku nyingine hawali kabisa. Ndani ya mfuko mlikuwa na ule ufito wako mfupi wa kuvulia. Nikaufunga mshipi mwembamba, kiboya chepesi kama bua, ndoana namba 18 (kumbuka ndoana hizi namba ikipanda ndoana inapungua), na kipande cha nyungunyungu kisichozidi punje ya mchele. Nikakidondosha kando ya matete. Hakikumaliza nusu dakika.

Samaki mwenyewe alilala kwenye kiganja, mwembamba, wa rangi ya fedha, na jicho duara linalong'aa. Nikamrudisha. Akaja wa pili, wa tatu. Kisha nikasogeza kiboya juu kwa upana wa vidole vinne ili chambo kishuke zaidi, na samaki wakabadilika: sasa walikuja wenye miili minene kidogo na mapezi mekundu. Nikakisogeza tena mpaka chambo kikalala chini, akaja mmoja mwenye sharubu mbili pembeni mwa mdomo, tumbo bapa, mgongo wa madoadoa kama mchanga. Mahali pale pale, ukingo ule ule niliokaa miaka yote, palikuwa na nyumba ya ghorofa tatu na kila ghorofa na wakazi wake. Nililia kidogo, nisikufiche. Ningekuonyesha hayo ukiwa na miaka minane ungekesha ukiniuliza maswali.

Sasa nikwambie tutakavyofanya na mjukuu wangu, ili wewe ukiwa pale usije ukamharakisha.

Kwanza atapima kina. Unafunga kipande cha risasi kwenye ndoana, unakishusha, unaangalia kiboya: kikizama chote, kina ni kirefu kuliko ulivyokadiria, kikilala ubavu, ni kifupi. Watu wazima hupaona pa kuchosha, watoto hupapenda sana, kwa sababu wanachora bwawa kichwani. Kisha chambo cha kurushia. Funza watano sita, kila baada ya dakika mbili au tatu, bila kukosa, pale pale kiboya kilipo. Atatamani kurusha konzi nzima. Mkatalie kwa upole. Ukirusha konzi visamaki hushiba au hutawanyika kufuata chakula kinachozama, na huwapati tena.

Halafu kiboya. Hapa nitamwachia mwenyewe aone, ila wewe ujue mapema. Kikitetemeka tu, wanadonoa ncha ya chambo, mwache. Kikitembea upande na kuzama kwa mshazari, ainue ufito, ainue tu, asikwanyue. Na kuna moja linalowapita wengi: kiboya badala ya kuzama kinapanda, kinalala juu ya maji. Maana yake samaki ameokota chambo chini na kukiinua pamoja na kipunje cha risasi kilichokuwa kikikivuta kiboya kisimame. Naye avutwe, yumo.

Mikono ilowe maji kabla ya kumgusa samaki yeyote. Ule ute wa mwilini unamkinga na maradhi, na mkono mkavu huuondoa. Ncha ya nyuma ya kila ndoana nimekwisha kuibana kwa koleo, hivyo itatoka bila kumchana mdomo. Akija samaki mwenye milia, pezi lake la mgongoni lina miiba, ulilaze kwanza kuanzia kichwani kurudi nyuma. Mtoto akichomwa mara moja hasahau, lakini afadhali asichomwe.

Siku hiyo hatutahesabu uzito. Tutahesabu aina. Nadhani anaweza kufikisha nne, labda tano.

Karpu tutamfuata siku ya tatu au ya nne, jioni, na kwa masharti. Saa mbili, zisizidi. Na hatutatupa mshipi mpaka tumemwona. Zamani nilikuwa natupa tu na kungoja. Siku hizi nazunguka bwawa zima kwa hatua za paka, nikitafuta viputo vidogovidogo vinavyopanda kwa mafungu, au maji yaliyochafuka tope mahali pamoja huku pengine ni safi. Pale pana karpu anafukua. Anafyonza tope, anachambua mdomoni, anatema lisilofaa, kinachobaki anakisaga kwa meno yaliyo kooni, maana tayani hana jino hata moja. Hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, kwa hiyo hula kidogo kidogo mara nyingi. Mtoto akiyajua hayo ataelewa kwa nini ndoana yake haikai ndani ya chambo: chambo huning'inizwa kwenye uzi mfupi chini ya ndoana, ili karpu akifyonza kisiwe kizito, na akitaka kukitema ndoana imdake mdomo wa chini. Mbinu hiyo ilibuniwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks, na uzi wa kwanza ulikuwa unywele halisi.

Ufito wa karpu tutaushika wawili. Usidhani nazidisha: karpu mzuri akikimbia na breki ya gurudumu la kukunjia mshipi imekazwa, ufito unakwenda majini wote. Breki ilegezwe, aende, achoke, arudi. Wavu uwe umeshazama, na samaki aletwe juu yake kichwa mbele. Asifuatwe na wavu, hapo ndipo mishipi inapokatika. Godoro dogo la kumlazia samaki liwe limeloweshwa. Picha ipigwe mkiwa mmechuchumaa, samaki karibu na ardhi, na asishikwe kwa matamvua kamwe. Kisha arudishwe, ashikiliwe wima majini mpaka ajisukume mwenyewe.

Sharti moja jingine, na hili nalishikilia kwa nguvu zote: hakuna samaki hai atakayetoka bwawa hili kwenda maji mengine, hata kisamaki kimoja kwenye ndoo ya mtoto. Karpu akipelekwa pasipo pake huchafua maji kwa kufukua, majani ya chini hufa, na samaki wenyeji hukosa mahali pa kuishi. Australia wanahangaika naye kwenye mito yao mpaka leo. Mjukuu wangu akitaka kubeba kitu nyumbani, abebe gamba lililodondoka kwenye wavu. Kuna miduara midogo juu yake, ya ukuaji wa samaki, tutaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Mwaka 1952, katika bwawa la Redmire, Uingereza, mvuvi Richard Walker alimvua karpu wa ratili 44, karibu kilo 20. Hakuliwa. Alipelekwa bustani ya wanyama ya London akaishi humo hadi 1971. Namfikiria mara nyingi samaki huyo kwa ajili ya ile miaka. Kuna karpu mmoja katika bwawa letu, wa magamba machache makubwa yaliyopangika mstari ubavuni, ana kovu kwenye pezi la mkia. Nilimwona mara ya kwanza kiangazi kile uliposema una kazi ya shule. Mwaka jana nilimvua kwa mara ya pili, nikamrudisha. Sijui kama atakuja tena kwenye chambo changu, ila ningependa mwanao angalau auone mgongo wake ukivunja maji.

Na kokoto azirushe. Upande wa pili wa bwawa, tukishamaliza, azirushe mpaka mkono uchoke.

Njooni na viatu vya kulowa na kofia. Ndoana nimekwisha kuzifunga, kumi na mbili za namba 18 na sita za namba 20. Ule ufito mfupi sasa ni wa mwanao. Kuna mwingine nyuma ya mlango, mrefu kidogo, wenye kiboya chekundu. Huo nimekufungia wewe.

Mama yako