Mwanangu, kabla masika hayajaingia

Mwanangu,

Assalam alaykum. Orodha ya vitu unavyotaka kununua nimeiona. Jenereta, hema, maboya! Hela hiyo ishike kwanza. Umehamia bondeni na mke mwenye mtoto mchanga, na Rufiji unaijua kwa masimulizi tu.

Mto huu una kawaida ya kufurika. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko, lakini wengi waliendelea kushuka kulima, kwa kuwa maji yakishapita ardhi hubaki na rutuba na unyevu wa kilimo cha mlau, yaani kile cha kupanda mafuriko yakishapungua. Aprili 2024 mashamba na nyumba vilizama tena, Rufiji na Kibiti. Sikuambii uhame. Ila ujue mapema mtatokaje.

Kaa na mkeo jioni moja mpange. Chomeka kigingi kati ya nyumba na mto: maji yakikigusa mnaondoka, hata kama ni saa nane usiku na jirani anasema yatashuka. Mnakwenda kwa nani mwinukoni? Nani anambeba mtoto, nani anafungua mbuzi? Mnyama aliyefungwa kamba hafiki popote. Wala usijidanganye kwamba mtapanda dunguni, kile kibanda cha shambani cha juu ya nguzo. Dungu ni la kulindia mpunga usiliwe na nguruwe na ndege, na nguzo zake hazikujengwa kushindana na mkondo. Mwenye mtumbwi muone sasa, mkubaliane naye, kwa sababu siku ya siku atakuwa anaitwa na kijiji kizima.

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na kadi ya kliniki ya mtoto vitie kwenye mfuko wa nailoni, funga vizuri, tundika karibu na mlango. Humo weka na karatasi yenye namba zetu za simu, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Simu ikizima chaji, hakuna anayekumbuka namba ya mtu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji ya kunywa. Mafuriko huchanganya vyoo na visima, kisha kipindupindu kinafuata. Tafuteni madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko, yawe yamejaa masika yote. Mkiishiwa, chemsheni mpaka yatokote. Mwambie mkwe wangu asimwachishe mtoto ziwa hata kidogo. Akiharisha aendelee kumnyonyesha, mtoto apewe maji ya ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji safi, na apelekwe zahanati. Pakiti hizo ziwemo kwenye ule mfuko. Chandarua nacho msikisahau, mbu huzidi maji yakituama.

Halafu mbegu. Watu huokoa godoro wakaacha mbegu! Maji yakipungua, mwenye mbegu anapanda siku zile zile tope likiwa bichi, asiye nayo anasubiri msaada. Tia mahindi makavu kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, uuhifadhi kwa huyo mtakayemkimbilia mwinukoni, usikae nao nyumbani.

Katika orodha yako nakubaliana na redio ya betri tu, msikilize utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hiyo nitanunua mimi.

Nijibu: mwenye mtumbwi ni nani, na anataka shilingi ngapi?

Baba yako